MWENDO, MSUKUMO NA NGUVU ZA MAJI KATIKA BOMBA

Mtoto akipewa mpira wa kunyweshea bustani, hachukui muda kugundua ya kwamba akiziba sehemu ya mdomo wake kwa kidole gumba, maji huruka mbali na kuwalowesha wenzake waliosimama wakimcheka. Akiondoa kidole, maji huanguka karibu na miguu yake mwenyewe. Wazee wakiuona mchezo huo husema, "Maji yakibanwa hupata nguvu." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na mtu akiyachukua hivyo hivyo mpaka dukani anakokwenda kununua mabomba, yaweza kumtia hasara kubwa.

Watu wengi wa mashambani huchanga fedha zao ili walete maji nyumbani kutoka kijito au chemchemi iliyo mlimani, na baadhi yao hutaka maji hayo hayo yazungushe gurudumu dogo la kutoa umeme. Katika kazi ya namna hiyo, mara nyingi kitu kinachokula fedha nyingi kuliko vyote ni bomba lenyewe. Na bomba likisha kufukiwa, kosa lililofanywa dukani hufukiwa pamoja nalo, wala halitoki mpaka handaki lichimbwe upya na fedha zitolewe mara ya pili. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kutoa mchango wake afahamu jinsi mambo matatu yanavyohusiana ndani ya bomba: msukumo wa maji, mwendo wa maji, na nguvu za maji.

MAMBO MATATU YASIYO SAWA

Watu huyachanganya mambo haya matatu kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa nguvu. Fundi huyatenga. Msukumo ni namna maji yanavyokandamiza ukuta wa bomba au kizibo cha bilula. Mwendo ni umbali ambao maji yanakwenda katika kila sekunde. Nguvu ni kazi ambayo maji yaweza kuifanya katika kila sekunde, kama vile kuzungusha jiwe la kusagia mahindi au mashine ya umeme.

Mfano wa gari lililokwama matopeni utaonyesha tofauti hiyo. Mtu mmoja alisukume gari hilo kwa bidii yake yote, jasho limtoke, na gari lisisogee hata kidogo. Hapo pana msukumo mwingi, lakini gari halikufikishwa popote, na kazi iliyofanyika juu yake ni bure. Mtu wa pili apite mbio barabarani, mikono mitupu, asiguse gari. Huyo ana mwendo mwingi, lakini gari bado liko pale pale. Kazi hufanyika siku gari linaposukumwa na likaenda. Maji nayo ni vivyo hivyo. Nguvu za maji hupatikana pale msukumo na mwendo vinapokutana, na kimoja kikikosekana, kile kingine hakifai kitu, hata kiwe kikubwa namna gani.

MSUKUMO HUTOKA KATIKA KIMO

Maji yaliyotulia katika bomba hupata msukumo wake kutokana na kimo cha maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za kimo huongeza msukumo ulio sawa na uzito wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ikiwa tangi liko mita 30 juu ya nyumba, na bilula ya nyumbani imefungwa, basi kila sentimita ya mraba ya kizibo cha bilula husukumwa kwa uzito wa kilo 3.

Wengi hudhani ya kuwa tangi kubwa husukuma zaidi kuliko tangi dogo. Hapana. Tangi la lita 10,000 na pipa la lita 200, yakiwa na maji yenye kimo kimoja, husukuma bilula sawasawa, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kimo peke yake. Tofauti yao ni kwamba pipa litakwisha mapema na tangi litadumu. Tena haidhuru kama bomba limeshuka wima kama ukuta au limezunguka kilima kwa mteremko mpole. Maji yakiwa yametulia, msukumo wa chini ni ule ule.

MAJI YANAPOPITA MAHALI PEMBAMBA

Mtu aliyesimama kando ya mto ameona jinsi maji yanavyokwenda polepole mahali palipo papana na penye kina, na jinsi yanavyokwenda mbio yanapofika kwenye mwanya wa mawe. Sababu yake ni wazi. Maji hayashindiliki kama pamba katika gunia. Lita moja ikiingia upande mmoja, lita moja hutoka upande wa pili, na kama njia ni nyembamba, hapana budi lita hiyo ikimbie ili ipishe ile inayoifuata. Bomba lenye upana wa sentimita 4 likipunguzwa likawa na sentimita 2, uwazi wake huwa robo ya ule wa kwanza, na mwendo wa maji huwa mara nne. Maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde huenda mita 4.

Je, msukumo katika sehemu hiyo nyembamba huwaje? Wengi watajibu upesi ya kwamba huongezeka, kwa kuwa maji yamebanwa. Jibu hilo si sahihi, na mtu aliyeeleza jambo hili katika kitabu alikuwa Daniel Bernoulli, mwanachuoni wa Uswisi, ambaye kitabu chake juu ya maji yaendayo kilipigwa chapa mwaka 1738. Mahali ambapo maji huenda mbio zaidi ndipo msukumo wake unapopungua.

Jambo hili laweza kuonekana kwa macho. Bomba la kioo lenye kiuno chembamba hulazwa chini, na juu yake husimamishwa vijibomba vyembamba vya kioo, kimoja kwenye sehemu pana na kingine kwenye kiuno. Maji yakipita, hupanda katika kila kijibomba kwa kadiri ya msukumo wa mahali pale. Katika mfano uliotajwa, maji yanapotoka mwendo wa mita 1 kwa sekunde na kuingia mwendo wa mita 4, kimo cha maji katika kijibomba cha kiunoni huwa chini kuliko cha pili kwa sentimita 76 hivi.

Ukifikiri vema, jambo hilo halina ajabu. Maji hayawezi kuongeza mwendo bila kusukumwa, na hayawezi kusukumwa kwenda mbele isipokuwa msukumo wa nyuma yake uzidi msukumo wa mbele yake. Kwa hiyo maji yanapoharakishwa kuingia kiunoni, lazima msukumo wa mbele uwe mdogo. Ni kama mtu mwenye shilingi 100 katika mifuko miwili. Akihamisha shilingi 70 kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, hakutajirika wala hakufilisika. Fedha ni zile zile. Msukumo ni mfuko mmoja na mwendo ni mfuko wa pili.

Maji yakitoka nje kwa tundu dogo lililo chini ya tangi, msukumo wote huhamia katika mfuko wa mwendo. Tundu likiwa mita 5 chini ya uso wa maji, maji huchupa kwa mwendo wa mita 10 hivi kwa sekunde. Likiwa mita 20 chini, mwendo ni mita 20. Likiwa mita 45 chini, mwendo ni mita 30. Msomaji ataona ya kuwa ili mwendo uwe mara mbili kimo lazima kiwe mara nne, na ili uwe mara tatu kimo lazima kiwe mara tisa. Kanuni hii iligunduliwa na Evangelista Torricelli wa Italia, karibu miaka mia moja kabla ya kitabu cha Bernoulli.

KODI YA NJIANI

Kama maji yangekuwa hayagusi ukuta wa bomba, habari ingeishia hapo. Lakini maji husuguana na ukuta, na yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo hula msukumo njia nzima. Kila mita ya bomba hutoza kodi yake, na kodi hiyo hairudishwi, kwa maana hugeuka kuwa joto kidogo sana ambalo hakuna awezaye kulitumia.

Kodi hii ina tabia tatu zinazopasa kukumbukwa. Kwanza, bomba likirefushwa mara mbili, kodi huwa mara mbili. Pili, mwendo ukiwa mara mbili, kodi huwa mara nne hivi. Tatu, na hili ndilo linalowashangaza watu, bomba likipanuliwa mara mbili na maji yakawa ni kiasi kile kile, kodi hupungua mpaka ikawa sehemu moja tu kati ya 32. Maana bomba lenye upana mara mbili lina nafasi mara nne, na mwendo hushuka ukawa robo. Kwa hiyo kodi inayofuata mwendo hupungua mara 16. Juu ya hayo, katika bomba pana sehemu kubwa ya maji hupita katikati, mbali na ukuta, na kodi hupungua nusu tena.

Kwa sababu hiyo, mtu adhaniaye kwamba bomba la inchi 2 ni sawa na mabomba mawili ya inchi 1 amekosea sana. Kwa kimo kimoja na urefu mmoja, bomba moja la inchi 2 hupitisha maji mengi kuliko mabomba matano ya inchi 1 yaliyowekwa pamoja. Kinyume chake ni kweli vile vile: anayepunguza upana ili aokoe shilingi chache hupoteza maji mengi kuliko alivyotazamia.

Kenya ina mfano mkubwa wa maji yanayosafiri mbali. Bomba litokalo chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, na kufika Mombasa lilikamilika mwaka 1957, na urefu wake ni kilomita 220 hivi. Maji hayo hushuka kuelekea pwani kwa uzito wake yenyewe. Katika safari ndefu namna hiyo, kodi ya njiani ndiyo adui wa kwanza wa mhandisi, na silaha yake ni upana wa bomba, ili maji yaende polepole na yafike yakiwa bado na msukumo.

HESABU YA MKULIMA MMOJA

Sasa na aangaliwe mkulima mwenye kijito kilicho mita 30 juu ya nyumba yake. Amenunua bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 300, naye ataka kuzungusha gurudumu dogo la umeme. Anaweza kuweka mwisho wa bomba lake mdomo wowote apendao. Achague upi?

Kwanza afunga kabisa. Saa ya kupimia msukumo yaonyesha kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, yaani msukumo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Lakini maji hayaendi, na nguvu ni sifuri. Huyu ndiye yule mtu asukumaye gari lisilosogea.

Pili afungua bomba wazi kabisa. Maji yanamwagika kwa wingi, lita 4 hivi kila sekunde, na jirani anayetazama husema, "Haya ndiyo maji!" Lakini maji hayo yametozwa kodi karibu ya mita zote 30 njiani. Yanatoka kwa mwendo wa mita 2 tu kwa sekunde, na nguvu zilizobaki ndani yake ni wati 8 hivi, zisizotosha hata kusumbua gurudumu. Zaidi ya wati 1,100 zimepotea ndani ya bomba.

Tatu aweka mdomo mwembamba sana, wa milimita 6. Maji yanachupa kwa mwendo wa mita 24 kwa sekunde, na kila atazamaye hustaajabu. Kodi ya njiani haifiki hata mita 1. Lakini maji yenyewe ni machache, hayatimii lita 1 kwa sekunde, na nguvu zake ni wati 200 hivi.

Nne aweka mdomo wa milimita 12. Sasa maji ni lita 2 na robo hivi kwa sekunde. Kodi ya njiani ni mita 10, na mita 20 zimebaki. Mchupo una mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde, na nguvu zake ni wati 450 hivi. Akijaribu mdomo mwingine wowote, mkubwa au mdogo kuliko huo, nguvu zitapungua.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo fundi hutumia: katika bomba lililokwisha kununuliwa, na kama maji ya kijito ni mengi ya kutosha, nguvu hufikia kilele chake wakati theluthi moja ya kimo inapoliwa na msuguano na theluthi mbili zikabaki. Na hapa siri ya kidole gumba yafunuka. Kidole hakikuyapa maji nguvu mpya. Kilipunguza maji yanayopita mpirani, maji yakaenda polepole, kodi ya njiani ikapungua, na msukumo uliokuwa ukiliwa ndani ya mpira ukafika mpaka kidoleni. Hapo ndipo ulipogeuka kuwa mwendo. Mtoto akizidi kubana, maji hurukia mbali lakini huwa machache, na mwishowe hukoma.

BOMBA PANA AU BOMBA JEMBAMBA

Lakini mkulima mwenye busara hataridhika kupoteza theluthi moja ya kimo chake ikiwa maji ya kijito ni haba. Mtu mwenye maji machache yampasa alinde kila mita ya kimo. Kama mkulima yule angenunua bomba la inchi 3 badala ya inchi 2, na kupitisha maji yale yale ya lita 2 na robo, kodi ya njiani ingeshuka kutoka mita 10 hadi mita 1 na robo hivi, na nguvu zingepanda kutoka wati 450 hadi karibu wati 650. Na kama kijito chake kingeweza kumpa lita 6 na nusu kwa sekunde, bomba hilo hilo lingempa karibu wati 1,300, yaani karibu mara tatu ya zile za bomba la inchi 2.

Hapo ndipo mashauri ya fedha yanapokuja. Bomba la inchi 3 ni ghali zaidi, na si kila mtu ahitaji nguvu hizo. Yapasa kila kikundi kikae na fundi wao, wapime kimo na maji yao, waandike hesabu ya kila upana wa bomba, na kuangalia kila shilingi inayoongezwa italeta wati ngapi. Kwa maji ya kunywa peke yake, bomba jembamba laweza kutosha kama tangi la nyumbani hujazwa usiku kucha.

Mwenye kutaka makisio ya upesi aweza kuyafanya kwa hesabu ya kichwa. Azidishe lita za kila sekunde kwa mita za kimo kilichobaki baada ya kodi ya njiani, kisha azidishe kwa 10. Jibu ni wati. Lita 2 kwa mita 20 ni 40, na mara 10 ni wati 400. Ili ajue lita, achukue ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, ni lita 2 kwa sekunde. Akumbuke pia ya kwamba gurudumu na mashine ya umeme nazo hutoza kodi yao, na katika mitambo midogo yaweza kubaki nusu tu ya nguvu za mchupo.

Hata gurudumu lenyewe hufuata fundisho lile lile. Lester Pelton, fundi wa Marekani aliyekuwa California palipokuwa na machimbo ya dhahabu, alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu lake mwaka 1880. Lina vikombe ukingoni ambavyo hupigwa na mchupo wa maji. Likizuiliwa lisizunguke, husukumwa sana lakini halifanyi kazi. Likiachwa likimbie sawa na maji, maji hayalisukumi tena. Hufanya kazi kubwa kabisa vikombe vinapokwenda nusu ya mwendo wa mchupo.

MITAMBO MIKUBWA

Kanuni hii ndogo ya mkulima ndiyo inayotawala mitambo mikubwa ya Afrika Mashariki. Kituo cha Owen Falls huko Jinja, Uganda, ambacho leo huitwa Nalubaale, kilifunguliwa mwaka 1954, na Kenya ilinunua sehemu ya umeme wake. Hapo maji hushuka mita 20 hivi tu, lakini ni maji ya Nile yatokayo katika ziwa kubwa, nayo ni mengi mno. Kituo cha Turkwel katika Pokot Magharibi kilianza kazi mwaka 1991. Mto wake ni mdogo sana ukilinganishwa na Nile, lakini maji huteremshwa zaidi ya mita 300, na kituo chaweza kutoa megawati 106.

Hesabu ya kichwa yaonyesha tofauti. Ili kupata megawati 1 katika mita 20, zahitajiwa tani 5 za maji kila sekunde. Katika mita 300 yatosha theluthi moja ya tani. Asiye na kimo na awe na maji, na asiye na maji na awe na kimo.

UGOMVI WA BILULA

Maarifa haya huleta amani pia. Katika vijiji vingi vyenye bomba moja, nyumba iliyo juu kilimani hukosa maji kila asubuhi, na usiku maji hurudi. Mwenye nyumba hiyo hunung'unika kwamba mlinzi wa maji amemfungia, au jirani wa chini amemwibia. Pengine hakuna mtu aliyetenda kosa lolote. Asubuhi bilula zote huwa wazi, mwendo katika bomba kuu huongezeka, na mwendo ukiwa mara mbili kodi ya njiani huwa mara nne. Msukumo uliobaki hautoshi kuyapandisha maji mpaka nyumba ya juu. Usiku bilula zikifungwa, mwendo hupungua na msukumo hurejea. Dawa yake ni kuweka tangi katika nyumba ya juu lijae usiku, au kupanua bomba kuu, au kupanga zamu. Kumshitaki jirani kwa chifu hakutaongeza hata tone moja.

ONYO

Lipo jambo moja la hatari. Maji yaendayo katika bomba refu ni mzigo mzito ulio mbioni, kama gari la moshi. Yakisimamishwa ghafula kwa kufunga vali kwa nguvu, mwendo wake wote hugeuka kuwa msukumo mara moja. Katika bomba la chuma, mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde ukikatwa ghafula waweza kuzaa msukumo wa zaidi ya mita 100 za kimo, juu ya ule uliokuwapo. Mlio mzito kama wa nyundo husikika, na maungio hupasuka. Kwa hiyo vali ya bomba refu na ifungwe polepole, kwa kuizungusha kidogo kidogo.

Vile vile mtu asitege kijito bila ruhusa. Katika Kenya kibali cha kutumia maji ya mito hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na wenye mashamba ya chini nao wana haki yao katika kijito hicho. Maji yaliyokwisha kuzungusha gurudumu hayajapungua hata tone. Yapasa yarudishwe kijitoni yakiwa safi.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na maji ndani ya bomba huuthibitisha msemo huo kila siku. Maji na yaende taratibu katika bomba pana njia nzima, yahifadhi msukumo wake, kisha yaharakishwe mahali pamoja tu, mwishoni, mbele ya gurudumu yanakotakiwa kufanya kazi. Mtoto mwenye mpira hufanya hivyo kwa kidole chake bila kujua. Mkulima akijua sababu yake kabla ya kwenda dukani, fedha zake hazitafukiwa bure ardhini.